Malalamiko Kuhusu Maneno "Mahali Padogo"

Mwl. Timothy Katee,
Nyumba ya tatu nyuma ya kanisa la mabati ya kijani,
Kitengela.

Jumatano, siku ya tisa tangu Muthoki aondoke.

Kwa Daktari Yurub Ahmednasir,
Kemisti ya mlango wa samawati, mkabala na wauza mitumba,
Kitengela.

Mpendwa Daktari Yurub,

MINTARAFU: KISWAHILI CHAKO, USO WANGU NA MKE WANGU

Natumai barua hii itakukuta salama, wewe na rafu zako zote. Mimi sijambo kiasi, ila uso wangu hauna nafuu na nyumba yangu haina mke. Mambo hayo mawili yalianzia kwenye kaunta yako, ndiyo maana nimekaa na kalamu asubuhi hii kabla hata ya chai.

Huenda umenisahau. Mimi ni yule mwalimu wa Kiswahili, umri miaka thelathini na minane, aliyekuja kwako Jumanne ya wiki iliyotangulia ile iliyopita akiwa na chunusi kumi na moja: saba kwenye paji la uso, nne kidevuni. Idadi naijua kwa sababu wanafunzi wangu wa gredi ya nane walizihesabu. Mmoja alinyoosha mkono akaniuliza, "Mwalimu, chunusi iko kwa ngeli gani?" Nikamjibu kwa upole kwamba ni I-ZI: chunusi hii, chunusi hizi. Darasa zima likanitazama usoni likaitikia kwa sauti moja, "Chunusi hizi!" Kengele ya chakula ilipolia nilikuja kwako moja kwa moja.

Nakiri ulinipokea kwa heshima. Ulinitazama vizuri chini ya taa, ukaniambia chunusi zangu ni za kawaida, hazina haja ya sindano wala daktari mkubwa, kisha ukanipa tyubu ya krimu ya benzoili, ile ya nguvu ndogo ya asilimia mbili na nusu. Hapo sina neno. Shida yangu ni maagizo uliyonipa kwa maandishi. Nayanukuu kutoka kwenye daftari lililo mbele yangu:

"Jaribu mara moja mahali padogo kwa siku tatu. Usipoona shida, paka uso mzima, kiasi cha njegere. Epuka jua. Usichanganye. Vumilia."

Maneno ishirini tu, Daktari. Nimefundisha Kiswahili miaka kumi na minne na sijaona maneno ishirini yakivunja nyumba. Sasa nitayaeleza malalamiko yangu moja baada ya jingine.

1. "Mara moja." Mtu akikwambia njoo mara moja, huendi kwanza kunyoosha shati. Niliposoma kwamba nijaribu mara moja, nilijua hali yangu ni ya dharura na kwamba umenificha ukubwa wake kwa sababu ya utu. Sikurudi shuleni kuaga, sikupita nyumbani kuchukua mswaki. Muthoki alipata habari kwa simu nikiwa nimekwisha kupita Isinya, akaniuliza kama nimefukuzwa kazi.

2. "Mahali padogo." Hapa ndipo uliponitesa hasa. Nilisimama nje ya kemisti yako nikatazama huku na huku. Kitengela si mahali padogo. Hata aliyekuja hapa mwaka jana akirudi leo huuliza njia. Nilifikiria Tuala anakoishi shemeji yangu Makena, lakini Tuala siku hizi ina maghorofa mpaka mtu anapotea akienda dukani. Kajiado mjini ni makao makuu ya kaunti, nikaona nisikukosee adabu. Baada ya kupima yote hayo kwa uadilifu, nilichagua Mashuuru.

Nilifika jioni. Mama Nasieku, mwenye hoteli yenye vyumba vinne, alinisalimu kwa Kimaasai, "Sopa," nikamwitikia, "Ipa," nikaomba chumba cha siku tatu. Akataka kujua nimekuja kununua mbuzi au shamba. Nikamweleza kwamba nimekuja kujipaka krimu usoni kwa agizo la daktari. Alinitazama sana. "Kwani Kitengela mmekosa kioo?" akasema. Sikupenda kukuchongea kwa mtu nisiyemjua, nikalipia chumba.

Siku ya pili Mwalimu Mkuu, Bwana Wahome, alinipigia simu akitaka kujua niko wapi. Nikamjibu kwa ukweli kwamba niko mahali padogo. Akasema pole, nimalize nirudi darasani. Siku ya tatu akapiga tena, nikamjibu vilevile. Sasa akaniuliza kwa sauti ya wasiwasi kama nimejaribu kunywa maji mengi. Niliporudi nilikuta walimu wote wanaamini kwamba nilikaa chooni siku tatu, na wengine walikuwa wameanza kuchangisha pole.

Hata hivyo nilifanya jaribio lako kikamilifu. Kila baada ya kupaka nilitoka nje nikachunguza kama Mashuuru imepata shida. Niliwauliza wenye maduka sita kama wameona uwekundu wowote, uvimbe au ukavu usio wa kawaida. Ukavu waliuona, lakini wakasema umekuwapo tangu mvua zikatike. Nikaandika katika daftari: Mashuuru haina madhara.

3. "Epuka jua." Daktari, hii ni Kajiado. Jua letu halina kona. Kule Mashuuru nilikuwa nikitembea nimejibanza ukutani kama mtu anayedaiwa, na palipokosa ukuta nilisubiri gari kubwa lipite. Siku ya soko nilipata kivuli kizuri upande wa kushoto wa ngamia mmoja, nikatembea naye kwa raha, ila ngamia yule alikuwa ameuzwa na alikuwa akiondoka. Nilipogundua hilo tulikuwa tumeiacha Mashuuru mbali sana, na mwenye ngamia alidhani mimi ni mtu wa mnunuzi. Nilirudi kwa miguu, juani, nikijua kila hatua ninavunja agizo lako. Hukuandika habari ya kofia. Hukuandika habari ya mafuta ya kukinga jua.

4. "Usichanganye." Nisichanganye nini na nini? Kitenzi hiki kinadai yambwa, yaani kitu cha kuchanganywa, na wewe hukukipa. Ilinibidi nichukue tahadhari kwa kila kitu. Shuleni tunakula githeri, na niliporudi kutoka Mashuuru, kwa siku nzima nilikaa kwenye chumba cha walimu nikitenga maharagwe upande huu na mahindi upande ule. Chai nimeinywa ya rangi, kisha maziwa peke yake. Wenzangu wakafikiri nimejiunga na dhehebu.

Na kwa kuwa tangu kule Mashuuru agizo lilionekana kuhusu chakula, sikuona ubaya Mama Nasieku aliponishauri nipake limau na dawa ya meno juu ya krimu yako. Alisema mwanawe alipona hivyo, ingawa baadaye nilikuja kujua kwamba mwanawe alikuwa na jipu mguuni. Uso uliwaka, nami nikazunguka kile chumba nikijipepea kwa godoro.

5. "Vumilia." Nilivumilia.

6. "Kiasi cha njegere." Niliporudi Kitengela, kwa kuwa Mashuuru haikupata shida, niliingia hatua ya pili. Jumamosi nilikwenda sokoni kwa Wamaitha anayeuza njegere zilizochambuliwa, nikamwuliza kiasi cha njegere ni kipi. Akaniambia kiasi ni kikombe. Nikamwuliza kama hakuna kiasi kingine kidogo. "Mwalimu, hatuuzangi minji moja moja," akasema, maana njegere pale sokoni huitwa minji, na watu wakacheka. Kwa hiyo kiasi ni kikombe kimoja, na nina shahidi.

Nilikwenda nyumbani nikaikamua tyubu yako yote katika kikombe cha chai. Haikufunika hata chini! Nilikuja kwako mbio kununua tyubu nyingine tisa na ukakataa kuniuzia hata moja, ukasema ile ya kwanza inatosha miezi. Tafadhali nieleze ni hesabu gani hiyo. Nilikuwa tayari kukushtaki kwa watu wa vipimo, ila nilikuonea huruma kwa kuwa una wateja wengi na ulionekana umechoka.

7. "Uso mzima." Sasa nimefika kwenye jambo linaloniuma, na nakuomba ulisome umekaa.

Mzima ni mtu asiye na ugonjwa. Ukiniuliza hujambo, nami nikakujibu mimi mzima, hutaelewa kwamba nimekuja na miguu yote miwili. Jumapili asubuhi nilijitazama kwenye kioo. Uso wangu ulikuwa na chunusi kumi na moja, ukavu, magamba na alama ya limau. Kwa haki kabisa, ule haukuwa uso mzima. Katika nyumba yetu uso mzima ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa jikoni ukichemsha chai.

Muthoki ana uso mzuri, Daktari. Nasema hivyo bila kujisifu, sikuuumba mimi. Ni laini, na akicheka shavu moja hutangulia jingine. Nilipomwambia kwamba daktari ameagiza nimpake, alifurahi. Alidhani ni zawadi, kwa sababu siku hiyo kwaya ya akina mama ilikuwa inaimba mbele ya kanisa na yeye ndiye huanzisha wimbo. Akaketi kwenye kiti, akafumba macho, akaniambia, "Leo umenikumbuka, baba." Nikampaka krimu yote iliyokuwa kikombeni.

Tulipofika kanisani alikuwa mwekundu. Alipoanzisha wimbo alikuwa anatokwa machozi, na mchungaji akasema Roho ameshuka mapema. Walipofika ubeti wa tatu, kile kitambaa cha kwaya cha rangi ya samawati alichojifunga kichwani kilikuwa kimeanza kupauka kila mahali kilipogusa krimu. Sasa kina mabaka meupe kama ng'ombe wa maziwa. Mto wetu pia umepauka, na kola ya shati langu la kufundishia. Katika maneno yako ishirini hukupata hata moja la kunionya kwamba krimu hii hula rangi ya nguo.

Lakini Muthoki hakuondoka kwa sababu ya uso, wala kwa sababu ya kitambaa. Nataka haki itendeke katika hilo. Tulirudi nyumbani, akaosha uso kwa maji mengi, akaketi. Kisha akaniuliza kwa utaratibu, "Katee, kwa nini ulinipaka dawa yako?" Nami nikamweleza. Nilianza na kivumishi "zima", nikamwonyesha jinsi kinavyobeba maana mbili, nikampa mifano kumi na miwili, na nilipoona hajaridhika nikatoa kamusi. Nilieleza kwa muda wa saa nzima. Kesho yake asubuhi alipita kwako akapata ushauri, halafu akaenda Tuala kwa dada yake Makena na begi moja.

Makena ananiambia kwenye simu kwamba uso umepona kabisa, tangu Ijumaa. Muthoki mwenyewe hapokei simu zangu. Nyumba imekuwa na mwangwi. Nimegundua sijui chumvi inakaa wapi, na kwamba chai ya mtu mmoja haipikiki, kila mara inatoka ya watu wawili. Namkosa, Daktari. Nalisema wazi kwa sababu hakuna namna nyingine ya kulisema.

8. Ulicheka. Muthoki alipokueleza yaliyotokea, ulimpa ushauri mzuri, nakubali: aache kila kitu, aoshe kwa maji, apake mafuta ya kawaida, atulie. Kisha ukacheka mpaka ukashika kaunta. Makena ndiye aliyenieleza, naye alikuwa anacheka akinieleza. Mtu pekee asiyecheka ni Muthoki, na ndiye niliyemtaka acheke.

MAOMBI YANGU

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo kwa unyenyekevu, yote kabla ya Ijumaa.

(a) Umwandikie Muthoki barua rasmi yenye mhuri wa kemisti, ueleze kwamba kosa ni la Kiswahili chako na si la mumewe. Wewe anakuamini. Mimi nikimwandikia anasema ni insha.

(b) Ubandike kwenye kaunta yako, kwa siku kumi na nne, tangazo la kuomba radhi kwa watumiaji wote wa lugha, wakiwemo wenye maduka sita wa Mashuuru niliowasumbua.

(c) Maneno "mzima", "mara moja" na "padogo" yaondolewe katika maduka yote ya dawa ya kaunti hii mpaka yachunguzwe.

(d) Uhudhurie masomo yangu ya jioni ya Kiswahili sanifu, Jumanne na Alhamisi. Njoo na kalamu na daftari la mistari. Nilikusikia kwa masikio yangu ukimwambia mteja "dawa hii imeisha, kuja kesho", nikanyamaza kwa sababu nilikuwa mgonjwa.

(e) Mwalimu Mkuu aelezwe kwa maandishi kwamba sikuwa chooni.

Usiponijibu, nitapeleka suala hili kwa mkuu wa wilaya, kisha kwa gavana, kisha kwa baraza lolote linalosimamia lugha, na likikosekana nitaliunda mimi na kuliongoza.

Mwisho, nisalimie mumeo Sharmarke, mama yako, watoto, yule dada wa zamu ya mchana mwenye kucheka taratibu, wauza mitumba wa mkabala na wateja wote waliokuwa kwenye foleni siku ile wakasikia idadi ya chunusi zangu. Waambie ziko pale pale, kumi na moja, ila moja imehamia puani.

Ni mimi niliyepauka kola na kuachwa na haki yangu mkononi,

Mwl. Timothy Katee.

Nakala: Bwana Wahome, Mwalimu Mkuu. Bi. Muthoki, kwa mkono wa dada yake Makena, Tuala.

Tanbihi: Barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha nilipokwenda kutafuta karatasi yako ya maagizo niiambatishe iwe ushahidi. Nimeikuta kwenye mfuko wa suruali niliyovaa Mashuuru, imekunjwa mara nne. Si maneno ishirini. Imejaa pande zote mbili, kwa mwandiko wako. Naiandika hapa jinsi ilivyo:

"Mwalimu, usipake uso yote leo. Jaribu kwanza kwa ngozi kidogo tu hapa chini ya taya, mara moja kwa siku, siku tatu. Kama haiwashi sana na haifuri, sasa paka uso yote kwenye chunusi inatokeanga, si karibu na macho ama mdomo. Osha uso kwanza na sabuni ya kawaida, wacha ikauke. Kiasi ni ya minji moja. MOJA. Jua ikiwa kali weka kofia na mafuta ya kuzuia jua. Usichanganye na dawa ingine ya chunusi, ama limau, ama dawa ya meno. Chunga nguo na mto, inatoa rangi. Ngozi itakauka kidogo, hiyo ni kawaida, paka mafuta. Vumilia wiki sita mpaka nane ndio uone tofauti. Ikiwasha sana, wacha, osha na maji, kuja unione. Uso ikifura ama ukose pumzi, usikuje kwangu, enda hospitali haraka. Na hii ni yako peke yako, usipatie mtu."

Nilianza kuhesabu makosa ya upatanisho wa kisarufi nikaacha njiani, kwa sababu nilikuwa nimeelewa kila kitu.

Yale maneno ishirini yaliyo kwenye daftari ni mwandiko wangu. Juu yake nimeandika, "Zoezi la ufupisho: maneno yasiyozidi ishirini." Naona nililifanya palepale kwenye kaunta yako ukinifungia tyubu. Nilijipa alama kumi kwa kumi, nikaandika pembeni, "Hongera."

Kwa hiyo nafuta maombi (a) mpaka (d). Hilo la (e) naomba libaki. Jumamosi nitakwenda Tuala mwenyewe, na nilikuwa nimeanza kuandika nitakachomwambia Muthoki. Kimefika kurasa saba na kina tanbihi zake. Naomba uniuzie tyubu moja ndogo, nitaanza upya chini ya taya. Na ukipata nafasi, niandikie pia maneno ya kumwambia mke wangu, kwa Kiswahili chako hicho hicho. Nitayasoma jinsi yalivyo, Daktari. Sitagusa hata nukta.